Mwaka wa Mzinga Katika Miombo ya Mpanda

Mwaka wa mfuga nyuki wa Mpanda hauanzi Januari, wala hauanzi siku ya kurina asali. Huanza siku inayofuata, mzinga ukiwa umekwisha fungwa, ndoo zimejaa, na nyuki wamebaki na kile walichoachiwa. Hapo ndipo huwa limeamuliwa jambo ambalo mfugaji hataliona mpaka miezi mitatu au minne ipite: kama Oktoba atakuta mzinga wenye kundi kubwa, au kundi dhaifu, au mzinga mtupu wenye buibui na nondo wa nta.

Katika makala haya tutaufuata mzinga kwa mwaka mzima katika misitu ya Mpanda na Mlele, mkoani Katavi. Kusudi letu si kumfundisha mzee wa Kikonongo kule Inyonga kazi aliyorithi kwa baba yake. Kusudi ni kueleza sababu za kisayansi zilizo nyuma ya kazi hiyo, ili mwalimu na mwanafunzi wa sekondari waweze kuzichunguza wenyewe kwa daftari na mizani. Vitabu vingi vya nyuki vilivyomo katika maktaba zetu viliandikwa kwa ajili ya Ulaya na Marekani, ambako mwaka wote wa mzinga huzunguka kwenye baridi ya Desemba na Januari. Nilipokuwa nikisoma ng'ambo nilivisoma kwa makini, na ni vitabu vizuri. Lakini mtu akivifuata neno kwa neno akiwa Mpanda, atawafungulia nyuki mlango wa kuondoka.

Nchi na maua yake

Mji wa Mpanda uko katika uwanda wa juu, kiasi cha meta 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mvua huanza Novemba na kukoma Aprili au mwanzoni mwa Mei. Baada ya hapo huja kiangazi kirefu, na huweza kupita miezi mitano bila tone la maana kuanguka. Miti inayotawala ni ya jamii ya mikunde: mtundu, ambao wanasayansi huuita Brachystegia spiciformis, ndugu yake myombo, Brachystegia boehmii, na ule ambao Wanyamwezi huuita muva, yaani Julbernardia globiflora. Hiyo ndiyo miti ya asali.

Ajabu ya misitu hii ni kwamba miti yake haiingoji mvua. Mwishoni mwa kiangazi, ardhi ikiwa imepasuka na majani ya ardhini yamekwisha kuungua, mtundu hutoa majani machanga mekundu na kuchanua kwa maji na chakula kilichohifadhiwa katika mizizi na shina. Hivyo Septemba hadi Novemba huwa ni majira ya maua, na mninga nao huchanua siku hizo kabla hata ya kuvaa majani. Muva huenda kinyume: huchanua masika yakielekea ukingoni, tangu Februari au Machi hadi Mei. Basi nyuki wa Mpanda ana misimu miwili ya wingi, na kati yake njaa mbili. Njaa ya kwanza ni ya kiangazi, Juni hadi Agosti. Ya pili ni ya masika yenyewe, Desemba hadi Februari, ambapo nchi imejaa majani mabichi na mgeni angedhani hakuna shida. Kumbe maua ya miti mikubwa yamepungua, na mvua huwafungia nyuki ndani siku nyingi. Mavuno makubwa hurinwa Mei hadi Julai, na madogo Novemba na Desemba.

Yafaa tuongeze kwamba misitu hii haikusalia kwa bahati tu. Ndorobo walizuia ng'ombe kwa karne nyingi, na katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni iliwakusanya watu katika makazi machache kwa sababu ya ugonjwa wa malale, na nchi pana zikaachiwa wanyama na miti. Mahali ambapo ng'ombe hafai, asali na nta zilikuwa miongoni mwa bidhaa chache ambazo mkulima aliweza kuuza. Nta ya magharibi mwa nchi yetu ilikuwa ikisafirishwa nje tangu wakati wa Wajerumani. Reli ya tawi kutoka Kaliua ilipofika Mpanda mwaka 1950 ilijengwa kwa ajili ya machimbo ya risasi. Machimbo hayo yalikwisha fungwa. Nyuki wangali wanafanya kazi.

Hesabu ya siku 40

Sasa tuingie ndani ya mzinga. Malkia hutaga yai katika kila chumba cha sega. Siku ya tatu yai huanguliwa likawa jana, nalo hulishwa na nyuki vijana mpaka litakapofunikwa kwa nta ili ligeuke nyuki kamili. Nyuki kibarua wa Ulaya hutoka siku ya 21. Nyuki wetu, ambaye jina lake la kisayansi ni Apis mellifera scutellata, hutangulia kwa siku moja au mbili. Kwa urahisi wa hesabu tuseme siku 20.

Akishatoka haendi mauani. Kwanza husafisha vyumba, kisha hulisha wadogo zake, hujenga masega, hupokea mbochi, yaani yale majimaji matamu ya maua, kutoka kwa wakubwa wake, na hulinda mlango. Kazi hizo za nyumbani humchukua kama siku 20 nyingine kabla hajawa mchumaji. Jumla ni siku 40. Baada ya hapo huruka kwa majuma mawili au matatu tu, mabawa yakachakaa, akafa.

Mwanafunzi achukue kalenda na kuhesabu kinyumenyume. Mtundu ukichanua kwa wingi tarehe 1 Oktoba, wachumaji wa siku hiyo ni nyuki waliotagwa yapata tarehe 22 Agosti. Muva ukichanua kwa wingi tarehe 15 Aprili, wachumaji wake walitagwa mwanzoni mwa Machi, na walezi waliowalisha walitagwa mapema Februari. Maana yake ni kwamba kundi linalotumia vizuri majira ya wingi ni lile lililoanza kuongezeka wakati wa njaa. Agosti 22 hakuna maua ya kutosha karibu na mzinga, vijito vingi vimekauka, na jua linazidi kuwa kali. Malkia hutaga wakati huo ikiwa tu walezi wana chakula cha kumpa. Na chakula hicho, kwa sehemu kubwa, ni kile mrina asali alichokiacha mwezi wa Juni.

Wala si asali peke yake. Asali ni sukari. Humpa nyuki nguvu ya kuruka na joto, lakini mwili wa jana haujengwi kwa sukari. Protini hutoka katika chavua, ambayo nyuki huishindilia katika vyumba vilivyo kando ya majana na kuichanganya na asali kidogo. Sega la namna hiyo huonekana lenye madoa ya manjano, kahawia na rangi ya machungwa. Mrina asali mwenye pupa hulikata pamoja na mengine, kisha hulitupa kwa kuwa ladha yake ni chungu. Hapana hasara ya kijinga zaidi ya hiyo katika kazi nzima ya nyuki: kitu kisichomfaa mtu kitu, ambacho kwa nyuki ndicho maziwa ya watoto wa Agosti.

Haki ya kuhama

Nyuki wa Ulaya akikosa chakula hufia mzingani. Baridi imemfundisha kwamba nje hakuna kwa kwenda. Nyuki wa Afrika amefundishwa na nchi nyingine, ambamo mvua ikikosekana hapa huenda imenyesha kwingine, na maua yakiisha bondeni huenda yameanza mlimani. Kwa hiyo yeye huhama, na huweza kwenda makumi ya kilomita. Kuhama si sawa na kugawanyika. Kundi linapogawanyika, malkia wa zamani huondoka na sehemu ya nyuki, na sehemu nyingine hubaki na malkia mpya. Hapo mfugaji hajapoteza mzinga. Kundi linapohama, huondoka lote.

Kuna kuhama kwa ghafula, kunakosababishwa na siafu, moto, nyegere, au mrina asali aliyebomoa kila kitu. Lakini kuna kuhama kwa kupangwa, nako ndiko kwenye faida kwa mwanafunzi wa sayansi, kwa maana kunatangaza dalili zake mapema. Chakula kikipungua sana, malkia hupunguza kutaga na hatimaye huacha. Majana yaliyokwisha kutagwa huendelea kulelewa. Siku 20 baadaye, au zaidi kidogo, kibarua wa mwisho huwa ametoka katika chumba chake. Hakuna tena mtoto wa kuachwa. Nyuki hujaza matumbo yao asali iliyobaki, wakaondoka. Basi mfugaji anayefungua mzinga wa masanduku Julai na kukuta majana yaliyofunikwa tu, bila mayai wala majana machanga, amepewa notisi. Bado ana majuma mawili hivi ya kuweka maji karibu, kuongeza kivuli, na kurudisha sega moja au mawili ya asali kama anayo akiba. Katika mzinga wa gome au gogo uchunguzi huu ni mgumu, lakini mzee mwenye uzoefu huusoma mlangoni: nyuki wanaorudi na chavua miguuni wanalea, wasiporudi nayo kwa siku nyingi, kuna jambo.

Tabia hii imesafiri mbali. Mwaka 1956 mtaalamu wa Brazili, Warwick Kerr, alichukua malkia wa nyuki kutoka Afrika Kusini, na pamoja nao mmoja wa Tabora, jirani zetu wa kaskazini. Mwaka 1957 makundi 26 yalitoroka katika mizinga ya majaribio karibu na Rio Claro. Uzao wao ulienea Amerika ya Kusini na ya Kati, ukafika Texas mwaka 1990. Magazeti ya huko yaliandika sana juu ya ukali wao. Wafugaji wenyewe walilalamika vilevile kwamba nyuki hawa hawatulii mahali wanapokosa chakula. Kwetu hiyo haikuwa habari.

Isitoshe, tabia hiyo ina faida yake. Utitiri uitwao Varroa, ambao umeangamiza mizinga mingi Ulaya na Marekani, ulibainika Kenya na Tanzania mwaka 2009. Utitiri huo huzaliana ndani ya vyumba vya majana yaliyofunikwa. Kundi linalogawanyika au kuhama hukaa kwa muda bila majana, na uzazi wa utitiri hukatika. Nyuki wetu wameendelea kuishi nao bila dawa, na ingawa sababu ni zaidi ya moja, hii ni mojawapo.

Siku ya kurina

Tukubaliane basi kwamba kurina ni kazi ya kuacha kama ilivyo kazi ya kuchukua. Sega lililoiva ni lile ambalo walau theluthi mbili zake zimefunikwa kwa nta nyeupe. Nyuki hawafuniki asali mpaka maji yake yamepungua hadi kama asilimia 18 au 20. Yakizidi hapo, hamira za asili hufanya kazi, na asali huchacha ndani ya ndoo. Asali iliyokamuliwa pamoja na majana huharibika upesi zaidi, na bei yake hushuka ipasavyo.

Moshi hutumika kwa sababu mbili. Nyuki akinusa moshi hujaza tumbo asali kama anayejiandaa kukimbia moto, naye huwa mzito wa kuuma. Tena, nyuki anayeuma huacha harufu inayofanana na ndizi mbivu, ambayo huwaita wenzake. Moshi huifunika harufu hiyo. Nyasi kavu au kinyesi kikavu cha ng'ombe chatosha. Mwenge wa nyasi ulioachwa ukiwaka chini ya mti ni jambo jingine. Warina asali wamewahi kulaumiwa, na si mara zote kwa uonevu, kwa mioto ya msituni.

Katika mzinga wa viunzi vya juu, ambao ulibuniwa Kenya katika miaka ya 1970 na ambao viunzi vyake hupaswa kuwa na upana wa milimita 32 kulingana na nyuki wetu, kazi ya kuchagua ni rahisi. Sega moja lililojaa huwa na kilo moja na nusu hivi. Rai yangu ni kwamba mavuno ya Juni yaache masega yote ya majana, yale ya chavua yanayoyapakana, na masega manne ya asali kamili. Wako watakaosema ninawapa nyuki mno. Wahesabu mizinga yao mitupu ya Oktoba kisha tuzungumze.

Katika mzinga wa gome mrina hufungua upande wa nyuma, ambako asali huwekwa mbali na mlango, hukata masega mpaka anapokutana na majana, akakomea hapo. Aliyefundishwa vizuri hukomea hata kabla. Kwa hiyo nisingependa mwanafunzi adhani kwamba mzinga wa gome ni ujinga na sanduku ni sayansi. Kasoro ya gome ni nyingine: mti uliochunwa gome kuuzunguka wote hufa, kwa sababu mishipa inayoshusha chakula kutoka majani kwenda mizizi imo katika gome la ndani. Kila mzinga ni mti mmoja, na mzinga wenyewe haudumu miaka mingi. Lakini haki itendeke. Mabani ya kukaushia tumbaku huteketeza magogo ya miombo kila msimu, nayo hayarudishi hata ua moja; mwenye mizinga 50 ana sababu 50 za kuulinda msitu. Ndiyo maana Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002 iliruhusu vijiji kuwa na hifadhi zao za nyuki, na ndiyo maana wafugaji wa Inyonga waliojiunga katika chama chao wakapata eneo la kufugia nyuki katika msitu wa hifadhi wa milima ya Mlele.

Maji, moto na kivuli

Kuanzia Agosti joto huzidi, na kazi ya kundi hugeuka. Majana huhitaji joto la sentigredi 34 au 35, si zaidi sana. Nje kukiwa na joto kali nyuki huleta maji, huyapaka katika vyumba kama matone madogo, kisha hupepea kwa mabawa. Maji yakigeuka mvuke hupooza masega, kama mtungi wa udongo unavyopooza maji ya kunywa. Mto Katuma unapopungua kiasi cha viboko kusongamana katika madimbwi, mzinga ulio kilomita kadhaa kutoka maji hulipa gharama kubwa kwa kila tone. Debe lililokatwa, likawekwa maji na vijiti vya kutulia nyuki wasizame, laweza kuokoa kundi.

Juu ya moto, majaribio yaliyoanzishwa Ndola, Zambia, mwaka 1933 yalionyesha wazi kwamba moto wa mwisho wa kiangazi huua miombo, hali moto wa mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, huacha miti mingi hai. Kwa mfuga nyuki tofauti hiyo ni kubwa hata zaidi, kwani moto wa Septemba hukuta machipukizi na maua yenyewe. Heri kufyeka na kuchoma kidogo Mei au Juni kuzunguka miti ya mizinga.

Agosti hiyohiyo ndiyo ya kutundika mizinga mitupu, imesafishwa na kupakwa nta ndani, maana makundi yanayohama hufuata maua ya mtundu. Itundikwe kwa waya mbali na shina, ili nyegere apande bure. Masika yakija kazi hupungua: kuzuia mvua isiingie, kupaka nguzo oili chafu dhidi ya siafu, na kutokurina Desemba kana kwamba Januari haipo.

Kazi kwa shule

Shule yenye mzinga mmoja wa kutundika na mizani ya kuning'iniza yaweza kuyapima haya yote. Mzinga upimwe kila baada ya majuma mawili, alfajiri kabla nyuki hawajatoka, mwalimu na wanafunzi wachache wakiwa wamevaa mavazi ya kujikinga. Pembeni ya kila kipimo iandikwe miti iliyochanua umbali wa kutembea kutoka shuleni.

Tuchukue mfano wa kubuni. Tarehe 15 Juni, baada ya kurina, mzinga una kilo 24. Sanduku na nta yake ni kilo 14, nyuki ni kilo 2. Chakula basi ni kilo 8. Tuseme kundi linatumia nusu kilo kwa juma. Tarehe 24 Agosti, baada ya majuma 10, zimebaki kilo 3, na malkia anataga wachumaji wa Oktoba. Tarehe 28 Septemba imebaki nusu kilo, na mtundu umeanza kuchanua. Sasa irudiwe hesabu ileile, mrina akiwa ameongeza masega mawili tu katika ndoo yake, yaani kilo 3. Chakula kinakwisha tarehe 24 Agosti.